Nadharia ya Hali Thabiti: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ulimwengu Usio na Mwanzo

Ukurasa huu ni wa wanafunzi, walimu na wazazi wa Kisumu, Maseno na Nakuru ambao hutuuliza maswali kila tunapotoa darubini nje jioni. Mazungumzo huanza na Mlipuko Mkuu, yaani wazo kwamba ulimwengu una mwanzo, uliposongamana na kuwa moto kisha ukapanuka, halafu lazima atokee mmoja aulize, "Na kabla ya hapo kulikuwa na nini?" Nadharia ya hali thabiti ilikuwa jibu la watu waliokataa swali lenyewe: hakukuwa na "kabla ya hapo". Maswali tumeyaacha jinsi yalivyoulizwa, ya ubishi yakiwemo.

Nadharia hii inasema nini hasa?

Inasema ulimwengu haukuanza na wala hautaisha. Unapanuka, galaksi zinaachana, lakini nafasi inayofunguka katikati yao haibaki tupu. Maada mpya huzuka humo polepole, hukusanyika, na baada ya muda mrefu sana huwa nyota na galaksi changa. Galaksi za zamani husogea mbali hadi zisionekane tena, changa hushika nafasi yake, na wastani wa vitu katika anga haupungui wala hauongezeki.

Fikiria shule ya upili ya enzi za 8-4-4, ya vidato vinne. Kila mwaka kidato cha nne kinatoka, kidato cha kwanza kinaingia. Hakuna mwanafunzi aliyekuwepo miaka kumi iliyopita, lakini ukipita langoni utakuta vidato vyote vinne, kama zamani. Wenye nadharia walisema ulimwengu uko hivyo: popote utakaposimama, enzi yoyote utakayotazama, sura yake kwa jumla ni ileile. Kanuni hiyo waliiita kanuni kamili ya kosmolojia. Neno "kamili" liliongezwa kwa sababu kanuni ya kawaida husema tu kwamba ulimwengu unafanana kila mahali. Wao waliongeza: na kila wakati.

Kwa hiyo "thabiti" maana yake umesimama tu?

Hapana. Ulimwengu uliosimama ulikuwa wazo la Einstein la mwaka 1917, nalo liliachwa baada ya kuonekana kwamba galaksi zinakimbiana. Hapa ulimwengu unapanuka bila kukoma. Kilicho thabiti ni sura yake.

Ni akina nani walioibuni?

Watu watatu, mwaka 1948, wote wakiwa Cambridge, Uingereza: Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold. Bondi na Gold walizaliwa Vienna, na vita vilipoanza waliwekwa kizuizini na Uingereza kama raia wa nchi adui. Baadaye Uingereza hiyohiyo iliwaajiri katika utafiti wa rada wa jeshi la majini, na huko wakajikuta wakifanya kazi na Hoyle, mtu wa Yorkshire asiyependa kuambiwa la kufanya. Mchana ulikuwa wa rada, jioni ya kubishana kuhusu nyota.

Waliandika makala mbili tofauti. Bondi na Gold walianzia kwenye kanuni, wakauliza: ikiwa sheria za fizikia hutegemea hali ya ulimwengu, na ulimwengu ulikuwa tofauti kabisa zamani, tuna haki gani ya kutumia sheria za leo kueleza ya jana? Hoyle alianzia kwenye hesabu, akarekebisha milinganyo ya Einstein ili iruhusu maada kuzuka. Kwangu swali la Bondi na Gold ndilo zuri zaidi, na bado halijachakaa.

Lakini kwa nini waone haja ya kitu kama hicho? Mlipuko Mkuu ulikuwa na ubaya gani?

Ulikuwa na shida ya umri, na haikuwa ndogo. Edwin Hubble alitangaza mwaka 1929 kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyokimbia kwa kasi zaidi. Padri Georges Lemaître wa Ubelgiji alikuwa amefikia wazo la upanukaji mwaka 1927, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba vyote vilianzia kwenye kitu kimoja kilichosongamana mno. Sasa ukichukua kasi zilizopimwa wakati huo ukazirudisha nyuma, unapata ulimwengu wenye umri wa miaka takriban bilioni 2. Wanajiolojia nao, kwa kupima miamba yenye elementi za mnururisho, walikuwa wakipata Dunia iliyo kongwe kuliko hiyo.

Mtoto amemzidi mama umri! Hali thabiti iliifuta aibu hiyo kwa pigo moja, kwa kuwa kitu kisicho na mwanzo hakina umri.

Kilichokuja kugundulika ni kwamba vipimo vya umbali vilikuwa na kasoro. Mwaka 1952 Walter Baade alionyesha kwamba galaksi ziko mbali takriban mara mbili ya ilivyodhaniwa, na marekebisho yaliendelea kwa miongo. Leo umri unaokubalika ni miaka bilioni 13.8, na Dunia yenye takriban bilioni 4.5 inaingia humo bila kubanwa.

Kijana wangu, hizo atomi mpya zinatoka wapi? Si huu ni uongo wa wazi?

Hili tunaulizwa kuliko yote, na wazee ndio hulikazia. Kitu hakitoki patupu, kila mtu anajua hivyo.

Kwanza tuangalie kiasi. Ili msongamano usipungue, inahitajika kama atomi moja tu ya haidrojeni kwa kila kilomita moja ya ujazo kwa mwaka. Ziwa Victoria lote, kuanzia Kisumu hadi Mwanza na Entebbe, lina takriban kilomita za ujazo 2,700. Katika nafasi yote hiyo zingezuka atomi 2,700 hivi kwa mwaka mzima. Kijiko kimoja cha maji kina atomi nyingi kuliko idadi hiyo kwa mabilioni ya mabilioni. Hakuna mizani, hakuna maabara, hakuna chombo chochote kilichoweza kugundua ongezeko la namna hiyo, wakati ule au sasa. Sheria ya kuhifadhiwa kwa nishati imepimwa kwa ukali mkubwa, lakini si kwa ukali wa atomi moja katika kilomita ya ujazo kwa mwaka mzima.

Pili, Hoyle alikuwa na jibu la kuudhi kidogo: nyinyi wa Mlipuko Mkuu pia mna maada isiyo na asili, ila nyinyi mmeileta yote kwa mkupuo na kwa wakati ambao hakuna anayeweza kuuchunguza. Yeye aliileta kidogokidogo, mbele ya macho. Baadaye, pamoja na mwanafunzi wake Jayant Narlikar wa India, alieleza uzukaji huo kwa kutumia uwanja wa uumbaji, yaani kitu kisichoonekana kilichoenea angani kote kama uwanja wa sumaku, chenye nishati hasi inayofidia ile ya atomi mpya, hivyo hesabu ya jumla ikabaki imelingana.

Mtu anaweza kuukataa uwanja huo, wengi waliukataa. Lakini sikiliza vizuri, mzee wangu: hoja ya "kitu hakitoki patupu" sio iliyoiangusha nadharia hii. Iliangushwa na mambo mengine kabisa, yaliyoonekana angani. Tunalisisitiza hili kwa sababu darasani hulisikii, na wanafunzi huondoka wakidhani wanasayansi waliicheka tu wakaitupa.

Mwalimu, hii ndiyo ile nadharia ya nyota iliyopita karibu na jua tuliyosoma kidato cha kwanza?

La. Ile ya Jiografia inahusu asili ya sayari zetu tu: nyota ikipita karibu na jua, ikavuta gesi, sayari zikaumbika. Hii inahusu galaksi zote kwa pamoja. Sayari zetu zingeweza kuumbika vilevile katika ulimwengu wenye mwanzo au usio nao.

Kama nyota zimekuwepo milele, mbona usiku ni giza?

Swali zuri, na Bondi mwenyewe alilipenda sana. Katika ulimwengu wa milele uliosimama, kila upande ungetazama ungeishia kwenye nyota fulani, na anga lote lingeng'aa kama uso wa jua. Hali thabiti huokolewa na upanukaji: mwanga wa galaksi za mbali hunyooshwa, hupungua nguvu, na zilizo mbali zaidi hatuzipati kabisa.

Ni kweli kwamba jina la Mlipuko Mkuu lilitolewa na mpinzani wake?

Ni kweli. Hoyle alilitumia kwa Kiingereza katika kipindi cha redio ya BBC tarehe 28 Machi 1949. Wengi husema alikuwa akikejeli. Yeye alisisitiza baadaye kwamba alitaka tu wasikilizaji wapate picha akilini, kwa kuwa redioni huwezi kuchora ubaoni. Vyovyote iwavyo, jina liliganda kwa nadharia asiyoitaka, na nadharia yake mwenyewe ikabaki na jina la kuchosha.

Basi ni nini kilichoiangusha?

Hapa inafaa tukae kidogo, maana nadharia hii ilikuwa na sifa moja ya kupendeza: ilikubali kupimwa. Mwanga huchukua muda kusafiri, kwa hiyo kutazama mbali ni kutazama zamani. Mlipuko Mkuu wa miaka ile ungeweza kukunjwa ulingane na karibu kila kipimo. Hali thabiti haikuwa na pa kujificha: mbali na karibu lazima vifanane. Wakikuta tofauti, imekwisha.

Pigo la kwanza lilitoka kwenye redio. Martin Ryle, pia wa Cambridge, alihesabu vyanzo vya mawimbi ya redio angani. Kama vyanzo vimetawanyika sawasawa, ukishuka hadi vyenye ung'avu wa robo, unatarajia idadi iwe mara nane. Katika hali thabiti idadi inatakiwa iwe hata chini ya hapo. Ryle alikuta zaidi: vyanzo hafifu, yaani vya mbali na vya zamani, vilikuwa vingi mno. Ila mwaka 1955 alitangaza mapema, orodha yake ikiwa na makosa mengi, na kundi la Bernard Mills huko Sydney likapata matokeo yasiyolingana na yake. Hoyle alikuwa na haki ya kutoamini. Kufikia 1961 Ryle alikuwa na orodha bora zaidi, na mara hii ziada haikuondoka. Uhasama kati ya wawili hao, ndani ya chuo kimoja, ulikuwa mkali kuliko inavyofaa watu wazima.

Kisha zikaja kwasari. Mwaka 1963 Maarten Schmidt alitambua kwamba 3C 273, kitu kilichofanana na nyota ya kawaida, kiko mbali kupindukia na kinang'aa kuliko galaksi nzima. Zilipohesabiwa, kwasari zilikuwa nyingi mbali na adimu karibu nasi. Rudi kwenye ile shule: ni kama umepewa picha yake ya zamani ukakuta imejaa kidato cha kwanza watupu. Shule hiyo imeanzishwa. Haikuwepo tangu milele. Dennis Sciama, aliyekuwa mtetezi mkubwa wa hali thabiti, aliona hesabu hizo za kwasari mwaka 1966, zilizofanywa na yeye pamoja na mwanafunzi wake Martin Rees, akaiacha nadharia hadharani.

Pigo la tatu ndilo linalotajwa zaidi. Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa na antena yenye umbo la pembe huko New Jersey, Marekani, iliyojengwa kwa majaribio ya mawasiliano ya satelaiti, kazi ileile iliyojengewa dishi za Longonot hapa kaunti ya Nakuru. Mwaka 1964 walikuta mvumo usiokwisha, sawa kila upande, mchana na usiku. Walifukuza njiwa waliotaga humo, wakasafisha kinyesi chao, mvumo ukabaki. Mwaka 1965 walitangaza: anga lote lina joto la takriban nyuzi kelvini 3.5, kipimo cha leo ni 2.725. Ralph Alpher na Robert Herman walikuwa wametabiri mwaka 1948 mabaki ya joto ya takriban kelvini 5 kutoka kwa ulimwengu wa mwanzo uliokuwa moto. Hali thabiti haikuwahi kuwa na wakati wa moto, kwa hiyo haikuwa na mahali pa kuyatoa mabaki hayo. Jambo la kuchekesha ni kwamba Wilson alikuwa amejifunza kosmolojia kwa Hoyle na aliipenda hali thabiti.

Ongeza heliamu. Takriban robo ya uzito wa maada ya kawaida ulimwenguni ni heliamu, na nyota haziwezi kuwa zimepika yote. Na aliyesaidia kuonyesha hivyo mwaka 1964, pamoja na Roger Tayler, ni nani? Hoyle mwenyewe. Hilo peke yake linatosha kumheshimu.

Nimesikia zile chenga za televisheni ya zamani zilikuwa Mlipuko Mkuu. Ni kweli?

Sehemu ndogo tu, takriban asilimia 1. Zilizobaki ni za hapahapa duniani na za chombo chenyewe. Tangu matangazo ya analojia yazimwe mwaka 2015 wengi hawajaziona tena, lakini kama nyanyako ana seti kuukuu na eriali, washa kwenye chaneli tupu.

Hoyle alikubali kushindwa?

Mlipuko Mkuu hakuukubali, mpaka alipofariki mwaka 2001. Mwaka 1993 yeye, Geoffrey Burbidge na Narlikar walileta toleo lililorekebishwa, ambamo maada huzuka kwa awamu na ulimwengu hupanuka na kusinyaa kwa mizunguko ya makumi ya mabilioni ya miaka. Mionzi ya usuli, yaani ule mvumo wa Penzias na Wilson, waliieleza kuwa ni mwanga wa nyota uliopozwa na vumbi lenye vijiti vidogo vya chuma.

Tatizo ni kwamba setilaiti ya COBE, iliyorushwa mwaka 1989, ilipima mionzi hiyo ikakuta inafuata mkunjo wa kitu chenye joto moja kwa usahihi wa kustaajabisha. Mwanga wa nyota za kila aina, uliochujwa na vumbi la kila mahali, haukutarajiwa kutoka msafi hivyo. Narlikar aliendelea kuitetea hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2025.

Kwa hiyo tumepoteza muda kuisoma?

Kinyume chake. Kwa kuwa hakuwa na Mlipuko Mkuu wa kupikia elementi, Hoyle alilazimika kuzitafutia jiko lingine, akalipata ndani ya nyota. Mwaka 1953 alitabiri kwamba kiini cha kaboni lazima kiwe na hali maalumu ya nishati, la sivyo kaboni isingepatikana ya kutosha. Wanafizikia wa California wakapima, wakaikuta. Mwaka 1957 Margaret Burbidge, Geoffrey Burbidge, William Fowler na Hoyle walieleza kwa kirefu jinsi nyota zinavyounda elementi. Chuma cha jembe na cha damu yako kimetoka huko. Fowler alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983, Hoyle akarukwa, na wengi, nasi tukiwemo, tunaona alidhulumiwa.

Kuna jingine. Hesabu za hali thabiti zilitaka upanukaji uongeze kasi. Kwa miaka 50 watu walitarajia upungue. Mwaka 1998 ikagunduliwa unaongeza kasi kweli, ingawa kwa sababu tofauti na ya Hoyle. Na hata Einstein aliwahi kujaribu wazo kama hili: mswada wake wa mwaka 1931, ambao hakuuchapisha, ulielezwa na watafiti mwaka 2014. Aliuacha baada ya kuona hesabu zake hazisimami.

Nadharia hii inapinga Biblia au Kurani?

Mzazi mmoja aliuliza ikiwa mwanawe ataacha kuswali. Hoyle hakuwa mtu wa dini, na huenda alifurahia ulimwengu usiohitaji siku ya kwanza. Upande wa pili, mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alisifu Mlipuko Mkuu kama unaoafikiana na uumbaji, na aliyekerwa na hilo ni Lemaître, padri na mwanzilishi wa wazo lenyewe. Hakutaka imani itegemee nadharia ambayo kesho inaweza kurekebishwa. Kwa maoni yetu padri aliona mbali. Nadharia hizi mbili ziliamuliwa kwa kuhesabu kwasari na kupima mvumo wa redio, na waumini na wasioamini walikuwemo katika kazi hiyo.

Kuna chochote cha kuonyesha haya kutoka huku kwetu?

Kipo, na tuko mahali pazuri. 3C 273 iko kaskazini kidogo tu ya ikweta ya anga, kwa hiyo Kisumu, Maseno na Nakuru hupita karibu juu ya utosi, jambo ambalo wenzetu wa Ulaya hawalipati. Inahitaji darubini yenye kioo cha sentimita 20 au zaidi, ramani nzuri ya kundinyota la Mashuke, na subira. Utakachoona ni nukta hafifu isiyo na uzuri wowote. Mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka bilioni 2.

Mwezi wa Mei huwa juu kabisa kama saa tatu usiku, lakini hiyo ni mvua ya masika na mara nyingi utaona mawingu tu. Afadhali Februari baada ya saa nane usiku, au mwanzo wa Julai mara giza linapoingia, ikiwa imeshaanza kuteremkia magharibi. Usijaribu mwezi ukiwa mpevu. Wa Nakuru wakitaka kwenda ukingo wa Menengai kukwepa taa za mji, waende kwa kundi, wamwombe ruhusa mlinzi mapema, na wabebe sweta. Kule juu baridi ya saa nane haina mzaha.